Vua Shati, Baba

Binti yangu alijifungua asubuhi, jenereta ya hospitali ikiwa haina dizeli. Naanza na jenereta kwa makusudi. Watu wakisimulia habari za uzazi huanzia kwenye furaha, na wakubwa wanaponea hapo hapo, hakuna anayewataja. Mimi nawataja. Dizeli ilikuwepo, ila ilikuwa inatembea mjini ndani ya magari yao.

Nilikuwa kwenye benchi la korido tangu kunapambazuka. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa njiani na mzigo wa saruji, huko ambako simu haishiki. Mke wangu hayupo. Nilimzika wakati binti yetu bado anavaa sare za shule. Alikufa anangoja mashine ya kupigia picha itengenezwe. Tuliambiwa njooni wiki ijayo, tukaja. Tukaambiwa wiki ijayo, tukaja. Mpaka wiki moja nikaja peke yangu kuchukua mwili. Kwa hiyo hospitali sina mazoea ya kukaa nikichekacheka na watu.

Basi aliyemleta binti yangu uchungu ulipomwanza ni mimi. Aliyebeba beseni, kanga na sabuni ni mimi. Na wale wanawake waliokaa kwenye benchi walinitazama kama mtu aliyeingia choo kisicho chake.

"Mzee, mkeo ndiye yuko ndani?" mmoja akaniuliza.

"Binti yangu."

"Na mama yake je?"

"Hayupo."

Wakasogea, nikapata pa kukaa.

Ukutani, kando ya mlango wa wodi, walikuwa wameandika kwa rangi nyekundu WANAUME MWISHO HAPA. Herufi nzuri, zimenyooka. Rangi ya kuandikia walipata hela yake.

Jua lilikuwa limeshapanda alipotoka muuguzi mwenye miwani, mwanamke mwembamba anayetembea kama viatu vyake vinambana. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Babu," akasema.

Sikujua ni mimi. Alirudia ndipo nikainuka.

"Una mjukuu wa kike. Mama yake yuko hai na akili zake, ila presha imepanda, tumemwekea dripu. Mtoto ni mdogo. Kawahi kutoka."

"Mdogo kiasi gani?"

Akatazama huku na huku kama anayetaka kuiba kitu, kisha akaonyesha kwa mikono. Mimi nachoma mikate, niko mbele ya tanuri tangu nilipokuwa na nywele kichwani. Ukubwa alionionyesha ni wa ule mkate unaobaki kopo likiwa halikujaa, ambao hatuuzi, tunagawana wenyewe na chai.

Akanieleza. Mtoto anapumua vizuri, hilo halina wasiwasi. Shida ni joto. Watoto wa namna ile hawana nyama ya kutunzia joto, wanapoa kama chai iliyoachwa mezani, na wakipoa sana wanaondoka. Hospitali ina masanduku mawili ya kuwatia joto. Moja lilikufa zamani, wanawekea mashuka juu yake. La pili ni zima, lakini umeme unakuja na kuondoka. Kwa hiyo Sista mkuu wa wodi ameamua mtoto apelekwe hospitali kubwa, ambulensi ikirudi tu.

"Na mama yake?"

"Mama haruhusiwi kusafiri na presha ile."

"Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa leo anasafiri peke yake."

"Na muuguzi."

"Muuguzi gani?"

Akashusha macho. Nilijua jibu. Wauguzi wa wodi nzima walikuwa yeye na Sista.

Sasa, njia ya kwenda hospitali kubwa naijua. Mashimo yake nayajua kwa majina ya wakubwa walioahidi kuyaziba. Nikaona kale katoto kanaruka ruka ndani ya gari, hakana mtu, kanapoa. Damu ikanipanda. Nikavuka ile rangi nyekundu na kwenda mpaka mezani kwa Sista.

Alikuwa mama mnene, amejiegemeza kwa mkono mmoja, macho mekundu kwa uchovu. Nilimpa yote. Nilimpa ya jenereta, ya masanduku, ya mashine ya picha ya miaka ile, ya barabara. Nikamwambia nyinyi ndio mnaoua watu mkiwa mmekaa kwenye viti.

Akanisikiliza mpaka nikakohoa.

"Mzee, mimi nafanana na waziri?"

"Wewe ndiye niliyekukuta kwenye kiti."

"Kitazame kiti chenyewe."

Nikatazama. Kilikuwa na miguu mitatu, wa nne ni tofali. Hilo halikunipoza. Nikamwambia waliokupa tofali wanatoka chama kimoja na walioniulia mke, na wewe unawafanyia kazi. Hapo akamwita askari wa getini, akaja akanishika kiwiko, kwa heshima lakini kwa nguvu. Nikawa nasukumwa kurudi kwenye benchi huku bado nahutubia, ndipo muuguzi mwenye miwani akachungulia mlangoni.

"Muache. Binti yake anamwita. Anasema akishamaliza kupigana, aingie."

Ngoja nimweleze binti yangu kidogo. Anauza kwenye duka la spea za magari. Wateja wa pale ni madereva na mafundi, watu wa kelele. Wanaingia, wanamkuta yeye nyuma ya kaunta, wanauliza, "Dada, hakuna mwanaume hapa?" Anawajibu, "Yupo, nimemtuma chai. Wewe ulikuwa unataka nini?" Chai haijawahi kufika, mteja ameshalipa na kuondoka na spea yake. Hapandishi sauti na hashushi bei. Nimewahi kusimama nje ya duka lile nikimsikiliza, nikajiuliza kaitoa wapi tabia hiyo. Kwangu hakuitoa.

Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, kando ya dirisha. Uso ulikuwa umevimba, midomo imekauka, dripu mkononi. Mtoto alikuwa ndani ya blauzi yake, kifuani, ngozi kwa ngozi, kinaonekana kikofia tu. Muuguzi alirudi haraka kuweka mkono wake juu, kwa sababu binti yangu kila baada ya maneno mawili macho yalikuwa yanafumba. Ile dawa ya presha inalaza.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nimeshaongea nao, nimewaambia..."

"Nimekusikia. Wodi nzima imekusikia. Vua shati."

Nikadhani ni dawa inayosema.

"Vua shati, baba. Huyu anataka mwili wenye joto. Mimi nasinzia, nitamlalia au nitamwangusha. Nimemuuliza nesi, lazima awe mwanamke? Kasema si lazima, lazima awe wa moto. Nikamwambia hapo nje kuna mtu anachemka tangu mama alipofariki. Mleteni achemke hapa."

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mwenye mwili, aliyejifungua siku ile ile, akacheka mpaka akashika nyonga.

Nikasema sijawahi kubeba mtoto mchanga. Kweli kabisa. Yeye mwenyewe alipozaliwa walimbeba mama yake na bibi yake, mimi nilioneshwa kwa mbali kama picha, nikaambiwa mikono yako ina unga. Nikasema kifua changu kina makovu ya tanuri. Nikasema nimezeeka. Alinisubiri nimalize, vile anavyowasubiri mafundi wanaosema duka la pili wanauza rahisi.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi nawa kwanza, mpaka kwenye viwiko."

Nilikuwa nafungua vifungo Sista alipoingia.

"Hii ni wodi ya wanawake," akasema.

"Ni kweli, Sista," binti yangu akajibu. "Ndiyo maana nimeomba pazia. Na wenzangu nimewauliza, wamekubali."

"Mimi huyu ni wa tano, Sista," jirani akadakia. "Kwa niliyokwisha kuyaona mimi, mbavu za mzee hazinitishi. Zenyewe zimekaa kama kreti ya soda."

Wodi ikacheka. Sista hakucheka, ila mdomo ulimcheza.

"Ambulensi ikifika, mtoto anaondoka. Utaratibu ndio huo."

"Ikifika tutampima kwanza," binti yangu akasema. Macho yalikuwa yamefumba kabisa, lakini sauti ni ile ya kaunta. "Akiwa amepoa, mpelekeni, sitalia. Akiwa na joto lake, anabaki."

"Nani kasema hivyo?"

"Mama yake."

Niliganda na shati mkononi. Kwetu neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Nikageuka kweli, kama mpumbavu, kutazama mlangoni. Kisha nikaelewa ni nani aliyesema.

Sista alisimama kidogo, akamwambia muuguzi, "Mpime kila nikikwambia," akaondoka. Pazia likavutwa.

Walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakaniegemeza kwenye mto. Nesi akamtoa mtoto blauzini na kumweka juu yangu. Jamani, alikuwa wa baridi. Nimeshika unga uliolala kwenye friji, baridi yake ni ile ile, inayokwambia kitu hiki bado hakijaamka. Miguu wakaikunja kama ya chura, uso wakaugeuza upande ili pua iwe wazi, kitenge kikazungushwa mpaka usawa wa sikio lake. Nesi alipofunga fundo, binti yangu akafumbua jicho moja.

"Limelegea. Kaza kidogo. Basi hapo. Baba, usiinamie mbele. Na usiongee."

"Nisiongee kabisa?"

"Usiongee yale yako. Sikio lake liko juu ya moyo wako. Ukimwaza waziri, moyo unapiga mbio, mtoto anashtuka. Usiwaze serikali mpaka nikuambie."

"Nitawaza nini sasa?"

"Waza mikate."

Akalala.

Basi nikawaza mikate. Niliwaza kukanda, kukata, kupanga kwenye makopo, kufunika, kungoja iumuke. Kila nilipofika kwenye kungoja, wakubwa wakaniingia kichwani, na kweli moyo ukaanza kugonga, na kale katoto kakakunja vidole kwenye nywele za kifua changu. Nikarudi kwenye kukanda. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama kuzuia hasira zisipite kifuani. Tangu nifiwe, hasira ndizo zinazoniamsha na kunivalisha viatu. Nilipozitoa nikaogopa kwamba chini yake hakuna kitu, nitakuwa baridi kuliko yeye. Haikuwa hivyo. Jasho lilinitoka. Jirani akasema mzee anawaka, nileteeni viazi nimwegeshee.

Nesi aliingiza kipimajoto kwapani mwa mtoto, akakitazama, akatikisa kichwa. Bado. Akaondoka. Akarudi. Kimepanda kidogo, bado. Mara mtoto akanikojolea, mkojo wa uvuguvugu ukateremka mpaka kwenye mkanda. Nikamwambia nesi, akanipongeza kama niliyefanya la maana.

Binti yangu alizinduka akataka maziwa. Si ya kunywa yeye. Mtoto alikuwa hana nguvu ya kunyonya, ilibidi akamuliwe na kunyweshwa kwa kikombe kidogo. Nikageukia ukuta. Nilisikia tu.

"Hayatoki," akasema.

"Hayatoki kwa sababu unayavuta. Usivute, bonyeza," jirani akamwelekeza. "Anzia huku nyuma, njoo nayo mbele. Mimi wa kwanza nililia siku nzima, nikasema Mungu kaninyima. Bonyeza. Tena."

"Inauma."

"Ndiyo, mama, inauma. Bonyeza."

Nikasikia anapumua kwa meno yaliyobana. Alikuwa ameshonwa, presha iko juu, dawa inamvuta chini, mkono mmoja una sindano. Dakika zikapita ambazo sikujua nifanye nini na macho yangu, nikayasoma magamba ya rangi ukutani. Halafu jirani akasema kwa sauti ya chini, "Ehee. Hilo hapo."

Tone. Kisha jingine. Walinionyesha kikombe, chini kabisa palikuwa na kitu cha manjano kisichotosha kulowesha ukucha. Nesi akamdondoshea mtoto mdomoni, pale pale kifuani kwangu, na yule mtoto akameza. Niliuhisi mmezo ule kwenye mbavu zangu. Binti yangu alikuwa ameinua shingo kutazama, jasho linamtoka puani, na akasema, "Tena," akaanza upya.

Mchana ulipoanza kugeuka tukasikia gari uani. Ambulensi. Dereva alikuja mpaka mlango wa wodi, funguo zikilia mkononi.

"Leteni huyo mtoto haraka, mafuta niliyopewa ni ya kwenda tu. Nikizima gari hatutaondoka."

Ya kwenda tu. Nilisikia hilo neno na moyo wangu ukaruka, na mtoto akashtuka, mikono ikatawanyika. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nilikuwa na maneno ya kumpa yule dereva, na ya kuwapelekea waliomtuma, mazuri kweli, yamepangika.

"Baba," binti yangu akasema.

Nikaufunga mdomo.

Sista aliingia na blanketi la kumfungia mtoto. Mikono yake ilikuwa na haraka, ya mtu aliyezoea kuachwa na magari. Akainama kufungua fundo la kitenge. Binti yangu akakaa. Yule aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi akakaa kitandani, dripu ikayumba, akaweka mkono wake juu ya fundo, juu ya mkono wa Sista.

"Mpime kwanza."

"Mama, gari halitangoja."

"Najua. Mpime."

"Akiharibikiwa hapa ni juu yangu."

"Ni juu yangu mimi," binti yangu akasema. Hakupandisha sauti. "Ninyi mna watoto wengi, Sista, mimi ninaye huyu. Kama kapoa, namfunga mwenyewe kwenye hilo blanketi na kukukabidhi. Mpime."

Dereva akapiga honi kutoka nje. Alikuwa ameshakimbilia kwenye gari lake. Jirani hakuwa na mzaha tena, alikuwa amekaa na mtoto wake wa tano ameshikwa vizuri. Mimi nilikuwa kiti tu, kiti chenye moyo, nikikanda unga kichwani kwa nguvu zangu zote.

Sista akachukua kipimajoto kwa nesi, akakiingiza mwenyewe. Tukangoja. Akakitoa, akakisogeza dirishani, akakiangalia. Akakifuta kwa aproni, akampima tena kwapa la pili, kama mtu anayekagua noti.

"Huyu ana joto," akasema. Hakumwambia mtu yeyote, alikuwa kama anajiambia. Kisha akamtazama binti yangu. "Haya, mama yake. Lala, kabla presha haijaniharibia na wewe."

"Dereva ataambiwa nini?"

"Kuna mzee wa wodi ya wanaume alikuwa anangoja nafasi. Ataenda yeye."

Binti yangu akalala. Kabla hajafumba macho akanitazama, akanyoosha kidole. "Kikofia kimepanda. Kishushe sikioni."

Nikakishusha.

Nilikaa pale siku zilizofuata. Sista wa zamu ya pili aliniona akaamua hajaniona. Wanawake wa wodi walizoea. Walinituma hata niwachungulie dirishani kama wageni wao wamefika, na waliniita Sanduku la Pili. Bosi wangu wa mikate alituma mtu kuniuliza kama nimeacha kazi, nikamjibu niko kwenye tanuri lingine. Mkwe wangu alifika na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Hakuruhusiwa kusogea mpaka alipooga, na aliyemkatalia si Sista. Alikwenda akaoga. Jitu zima la lori, lilirudi limesimama mlangoni linaonyesha viganja kama mtoto wa shule, linangoja mke wake aseme sawa.

Presha iliposhuka, dripu ikatolewa. Asubuhi hiyo binti yangu alijiinua mwenyewe, akafungua blauzi, akasema, "Sasa nipe mwanangu."

Walimfungua kutoka kwangu. Pale alipokuwa pakabaki pamelowa, upepo wa dirishani ukanipiga, nikatafuta shati. Nikageukia ukuta kwa adabu. Nikasikia kitanda kikilia, na binti yangu akinong'ona, "Hapa, hapa, mama, fungua." Mtoto akafoka kidogo, sauti ya paka. Akanyamaza. Kisha nikasikia kitu kidogo, cha mdomo, kinakwenda na kusimama, kinakwenda na kusimama.

"Ananyonya mwenyewe, baba," binti yangu akasema.

Sikugeuka, kwa sababu ya adabu, na kwa sababu ya uso wangu ulivyokuwa.

Nilitoka nikiwa nimefunga vifungo vibaya. Sista alikuwa mezani kwake, juu ya tofali lake. Nilisimama mbele yake. Bado nina maneno ya kuwaambia waliomweka pale, na nitayasema, jenereta haikuwa na dizeli mpaka siku tunaondoka. Lakini kilichonitoka ni kingine.

"Mwanangu ananyonyesha," nikasema.

"Nimesikia," akajibu, hakuinua kichwa. "Kazi anaijua."

Nikaenda na kumwambia askari wa getini, ambaye hakuniuliza. Nikawaambia wanawake wa kwenye benchi. Mmoja alikuwa ndiyo kwanza amefika, ameshika tumbo, hajui mimi ni nani. Nikamwambia na yeye.